Huna shahada? Mlango wa H-1B haujafungwa

Wengi huamini kwamba bila cheti cha shahada mkononi, viza ya H-1B ya Marekani, ile ya wataalamu, haipatikani kabisa. Si kweli, na inauma kuona watu wenye ujuzi wa miaka mingi wakikata tamaa kabla hata ya kuuliza.

Kanuni inadai shahada ya kwanza au kinacholingana nayo. Kwenye hicho "kinacholingana" ndipo penye nafasi: miaka 3 ya kazi ya kitaalamu huweza kuhesabiwa kuwa mwaka 1 wa chuo kikuu. Kwa kuwa shahada ya Marekani huhesabiwa miaka 4, asiyekanyaga chuo kabisa atahitaji miaka 12. Aliyeishia mwaka wa pili, 6. Lakini si kazi yoyote. Iwe ya fani ileile, ifanywe pamoja na watu wenye shahada za fani hiyo, na kuwe na ushahidi kwamba wataalamu wenzako wanakutambua. Kwa hiyo barua ya mwajiri wa zamani ieleze ulichokifanya hasa, isitaje tarehe tu.

Wapo pia wanaodhani shahada yoyote inatosha. Haitoshi, lazima ihusiane na kazi yenyewe. Na ombi hupelekwa na mwajiri, si wewe.