Miwani ya kupangia upasuaji wa ubongo: maswali ninayoulizwa wodini

Siku moja kaka wa mgonjwa alinisimamisha mlangoni mwa wodi akanionyesha video kwenye simu. Daktari wa Ulaya amevaa miwani mikubwa, na mbele yake kichwa cha mtu kinaelea hewani, uvimbe ndani yake umepakwa rangi ya njano. "Sista, tunataka dada afanyiwe kwa hii. Upasuaji wa Jumatatu tuusogeze, tutasubiri." Dada yake alikuwa kitanda cha sita. Jicho la kushoto lilikuwa halioni tena, na kabla ya kufika kwetu alishanunuliwa miwani ya macho mara mbili. Maswali ya aina hii yamekuwa mengi, kwa hiyo nayajibu hapa kwa pamoja.

Uvimbe wa ubongo ni nini?

Ni seli zinazokua bila mpangilio ndani ya fuvu. Upo ulio saratani na upo usio saratani. Ila fuvu ni mfupa, halitanuki, kwa hiyo hata usio saratani ukikua unaubana ubongo. Ukiambiwa "si saratani", hujaambiwa "hakuna haraka".

Miwani hiyo inafanya nini hasa?

Mgonjwa hupigwa picha ya ndani ya kichwa kwa mashine ya MRI au CT. Picha hizo ni vipande vyembamba, mara nyingi vya milimita moja hivi, kama mkate uliokatwa. Kompyuta huvipanga upya mpaka kichwa kizima kipatikane, kisha kila kitu hupewa rangi yake: uvimbe, mishipa ya damu, na njia za neva zinazopeleka amri mkononi au kwenye ulimi. Daktari akivaa miwani anaiona sanamu hiyo ikiwa imesimama chumbani. Anaizunguka, anainama kuitazama kwa chini, anauliza: nikiingilia hapa, nitakutana na mshipa gani kabla ya kuufikia uvimbe?

Baadaye sanamu hulazwa juu ya kichwa chenyewe cha mgonjwa. Hulinganishwa kwa alama kama pua, pembe za macho na masikio, au vibandiko maalumu vilivyowekwa kabla ya picha. Zikikaa sawa, daktari huchora kwa kalamu juu ya ngozi pale atakapofungua. Faida yake ni hiyo: kufungua mahali panapotakiwa, kwa ukubwa unaotakiwa.

Kitaalamu huu ni uhalisia mchanganyiko, kwa sababu chumba unakiona na sanamu unaiona. Uhalisia pepe ni tofauti, wenyewe hukufunika macho kabisa. Mzee mmoja aliposikia "pepe" akasikia "pepo", akatikisa kichwa akasema kumbe hata madaktari wanajua. Hapana, mzee wangu. Pepo hayumo.

Ni teknolojia mpya?

Wazo si jipya. Mwaka 1986 daktari David Roberts na wenzake wa chuo cha Dartmouth, Marekani, walieleza namna ya kuingiza mchoro wa picha ya CT ndani ya darubini ya upasuaji. Miwani ya kuvaa ilishika kasi baada ya kampuni ya Microsoft kutoa miwani yake iitwayo HoloLens mwaka 2016. Mwaka 2024 kampuni ikaacha kuitengeneza, na wanaotafiti wakageukia aina nyingine. Wewe unasubiri kifaa ambacho chenyewe kimeshasimama kutengenezwa.

Kwa hiyo miwani ndiyo inayopasua?

Hapana. Anayepasua ni daktari. Miwani ni ramani.

Na ramani ina mipaka. Mwaka 2018 madaktari wa Rotterdam, Uholanzi, walichapisha matokeo ya wagonjwa 25 waliopangiwa upasuaji kwa HoloLens. Walipolinganisha na mashine ya kawaida ya kuongoza upasuaji, tofauti ya mahali uvimbe ulipoonyeshwa ilikuwa kama milimita 4. Chukua punje mbili za mchele, zilaze ubavu kwa ubavu: ni padogo, lakini karibu na sehemu ya ubongo inayoongoza kusema ni parefu. Halafu kuna jambo ambalo video hazionyeshi. Fuvu likishafunguliwa na maji ya ubongo yakatoka, ubongo hushuka. Sanamu haijui, imebaki palepale ilipowekwa. Kuanzia hapo daktari anategemea macho yake, darubini na mikono.

Tusubiri mpaka tupate hospitali yenye miwani?

Hapana.

Wodini kwetu miwani hiyo haipo, na uvimbe unatolewa. Muhimbili Dar es Salaam pale MOI, taasisi ya mifupa na ubongo, Kenyatta Nairobi, Mulago Kampala, vichwa vinafunguliwa kwa MRI, CT na daktari anayejua kuzisoma. Daktari wako akisema uvimbe wako mahsusi unahitaji kifaa ambacho hapa hakuna, atakuandikia rufaa mwenyewe. Video ya simu haiandiki rufaa.

Sijawahi kuona mgonjwa aliyeharibikiwa kwa kukosa miwani. Walioharibikiwa kwa kusubiri nimewaona, na ninawakumbuka.

Lakini mgonjwa wetu ana nafuu kubwa tangu aanze deksa. Si tunaweza kusubiri kidogo?

Hapana. Hili ndilo linalonikera kuliko yote, mnisamehe.

Deksa, yaani dawa ya deksamethasoni, inapunguza maji yaliyojaa kuuzunguka uvimbe. Uvimbe wenyewe, kwa kawaida, hauutoi. Ndani ya siku moja au mbili kichwa kinapoa, kutapika kunakata, mgonjwa anaomba ugali. Familia inafurahi, inambeba nyumbani, halafu inaendelea kununua deksa duka la dawa kwa miezi. Ndugu wanasema amenawiri, mashavu yamejaa. Hayo mashavu ni dawa! Wakati huo sukari inapanda, tumbo linapata vidonda, mapaja yanalegea mpaka akichuchumaa chooni hawezi kuinuka bila kushikwa. Na uvimbe unakua kimya kimya, maana kengele mmeizima.

Kuiacha ghafla nako ni hatari, mtu huweza kuzimia na presha kushuka. Deksa hupunguzwa na daktari, hatua kwa hatua. Haiponyi uvimbe. Narudia: haiponyi. Ni dawa ya kununua muda wa kufika chumba cha upasuaji.

Dalili zipi zinitoe nyumbani?

Kichwa kinachouma zaidi alfajiri na kinachozidi wiki hadi wiki, hasa kikiambatana na kutapika. Mkono au mguu wa upande mmoja unaolegea. Maneno yanayopotea mdomoni. Macho yanayofifia, ambayo miwani ya dukani haisaidii. Mtu mpole aliyebadilika tabia bila sababu.

Na degedege la kwanza kwa mtu mzima. Hilo si jini mpaka lithibitishwe vinginevyo, ni ubongo unaohitaji picha. Wanakuja kwetu wana chale kwenye paji la uso, meno yamevunjwa kwa kijiko, na miezi sita imepita. Mtu akianguka mlaze ubavu, usimtie chochote mdomoni, na akipitisha dakika 5 mkimbize hospitali. Dua mwombee njiani, ndani ya gari. Malaria nayo ipimwe, sawa, lakini "malaria" iliyotibiwa mara tatu na kichwa bado kinauma si malaria.

Siku ya kuja nije na nini?

CD ya picha zenyewe. Karatasi ya majibu haitoshi, na picha ya filamu iliyopigwa kwa simu ikatumwa WhatsApp ndiyo kabisa. Sanamu, mashine ya kuongoza, hata macho ya daktari, vyote vinataka vile vipande vyote. CD isifungwe kwenye khanga pamoja na funguo. Nimepokea zilizokwaruzwa mpaka kompyuta ikakataa kuzisoma, na mgonjwa akalipia picha upya. Na usishangae ukitakiwa kupiga nyingine. Picha ya miezi mitatu iliyopita inaonyesha uvimbe wa miezi mitatu iliyopita.

Nina deksa za wiki mbili zimebaki. Nizimalize kwanza ndipo nije?

Hapana. Meza ya leo kama ulivyoandikiwa, zilizobaki tia mfukoni, njoo nazo kesho asubuhi.