Je, wajua kwa nini kadi mbili za picha za kompyuta huchora barabara ileile tofauti?

Fungua gemu ya mbio za magari, simamisha gari, kisha itazame lami. Karibu na bampa unaona kokoto mojamoja. Mbele kidogo lami imekuwa kama uji wa kijivu. Ukianza kwenda polepole, wakati mwingine utaona mstari hafifu umekatiza barabara, nao unasogea kila unaposogea.

Mstari huo ni mshono. Picha inayobandikwa juu ya barabara, yaani tekscha, huwekwa kwa saizi nyingi: pikseli 1024 kwa 1024, kisha 512, 256, hadi 1. Nakala hizo huitwa mipmapu. Lami ya karibu hutumia nakala kubwa na ya mbali hutumia ndogo, la sivyo ingekuwa inametameta. Kusoma nukta za tekscha ili kupata rangi ya kila pikseli ya skrini huitwa uchujaji. Uchujaji wa bailinia husoma nukta 4 za nakala moja, kwa hiyo pale nakala mbili zinapokutana mshono huonekana. Trailinia husoma nukta 8, nne kwa kila nakala, na kuzichanganya taratibu hadi mshono upotee. Kuondoa ule uji ni kazi ya uchujaji wa anisotropiki. Ukiuweka kwenye kiwango cha 16, pikseli moja yaweza kuhitaji hadi nukta 128.

Kazi hiyo ni nzito, na hapo ndipo draiva, yaani programu inayoiongoza kadi ya picha, huanza kubana matumizi. Mwaka 2003, draiva za kadi za GeForce FX za kampuni ya NVIDIA zilichanganya nakala karibu na mshono tu, kwingine zikabaki na bailinia, hata pale mchezaji alipochagua trailinia kamili. Watu wakauita mtindo huo brilinia.

Mwaka 2004 ikawa zamu ya mpinzani wake, ATI, na kisa hiki ndicho kinachonigusa zaidi. Ili kupima trailinia, wapimaji hupaka kila mipmapu rangi yake, nyekundu, kijani, buluu, waone zinavyoyeyukiana. Tovuti ya Ujerumani, ComputerBase, iligundua kwamba kadi ya ATI, Radeon X800, ilifanya kazi kamili kwenye mipmapu za rangi, lakini kwenye tekscha za kawaida ilipunguza. ATI ilijibu kwamba draiva huchunguza tekscha yenyewe: nakala zikifanana sana, jicho halitaona tofauti; zikitofautiana kama zile za rangi, kazi hufanywa yote.

Hoja hiyo ina mantiki, nami siuiti wizi ufupisho usioonekana. Kosa ni kutosema. Mnunuzi alilinganisha kasi za kadi mbili akiamini zimefanya kazi sawa.

Leo mipangilio ya draiva za NVIDIA na AMD, iliyoinunua ATI, ina sehemu ya ubora wa uchujaji wa tekscha. Ipandishe hadi juu kabisa, rudi kwenye barabara ileile, uendeshe polepole. Usitegemee picha ya skrini, kwa sababu kumetameta huonekana lami inapotembea.