Pawa saplai ya kompyuta kwenye chaja ya betri za droni

Chaja nyingi za betri za droni na magari ya rimoti huuzwa bila pawa saplai. Zinataka volti 12 hivi za DC, na pawa saplai iliyotolewa kwenye kompyuta ya zamani inazo. Ila anza na lebo, wala usidanganywe na namba ya maandishi makubwa.

Wati 400 zilizoandikwa hapo, kwa mfano, ni jumla ya njia zote: volti 3.3, 5 na 12. Chaja yako inakula ya 12 peke yake. Hesabu ianzie kwenye betri: seli 4 za LiPo (betri za lithiamu za droni) zikijaa ni volti 16.8, ukichaji kwa ampea 5 ni wati 84. Chaja nayo hupoteza kiasi. Kwa ufanisi wa asilimia 85 inavuta karibu wati 99, yaani zaidi ya ampea 8 kwenye volti 12. Lebo isipofika hapo, iache.

Kuiwasha bila mazabodi ni rahisi: gusanisha waya wa kijani na mweusi. Manjano ni volti 12, nyeusi ni hasi. Tumia nyaya kadhaa za manjano kwa pamoja, maana mmoja utapata moto.

Kisha chaja inaanza kulalamika kwamba volti zimeshuka. Pawa saplai nyingi za zamani hudhibiti volti 5 na 12 kwa saketi moja. Njia ya 5 ikikosa mzigo huku ya 12 ikivutwa sana, ya 12 hulegea. Funga rezista ya omu 5 kati ya waya mwekundu na mweusi. Itavuta ampea 1 na kutoa joto la wati 5, kwa hiyo chukua ya wati 10 au zaidi.

Mimi napendelea za seva: karibu nguvu yote iko kwenye volti 12, ingawa feni zake zina kelele za kuudhi. Weka fyuzi, kwani zikipigwa shoti humwaga umeme mwingi mno.

Kuunganisha mbili mfululizo upate volti 24 sikushauri. Hasi ya kila moja imeshikana na bodi lake la chuma, na bodi limeshikana na ethi. Ya pili ikipanda juu ya ya kwanza, ethi inaipiga ya kwanza shoti. Wapo wanaokata waya wa ethi ili “kutatua” hilo. Hitilafu ikitokea ndani, bodi zima linaweza kubeba umeme wa ukutani. Ukihitaji volti 24, nunua iliyotengenezwa kwa volti 24.