Siku ya somo wa parokia: kwa nini tarehe haipangwi na kamati

Kamati za parokia hapa Dar es Salaam zikikaa mwanzoni mwa mwaka, swali huwa lilelile: sherehe ya somo wetu, yaani mtakatifu ambaye kanisa letu lina jina lake, tuiweke lini? Hapo ndipo mambo huanza kwenda kombo. Somo wa kanisa tayari ana siku yake, na siku hiyo ina cheo chake katika kalenda ya liturujia. Kazi ya kamati ni kutazama kama mwaka huu siku hiyo iko wazi, au imekutana na siku kubwa kuliko yenyewe. Likishajulikana hilo, ndipo vitenge viagizwe.

Kwanza, hakikisheni somo wenu ni nani hasa. Jina la kwenye kibao cha getini halitoshi. "Mtakatifu Teresa" anaweza kuwa wa Mtoto Yesu, wa tarehe 1 Oktoba, au wa Avila, wa 15 Oktoba. "Mtakatifu Fransisko" ni wa Asizi (4 Oktoba), Ksaveri (3 Desemba) au wa Sales (24 Januari). Yohane ndiye anayechanganya zaidi: Mbatizaji huadhimishwa 24 Juni, Mtume na Mwinjili 27 Desemba, Yohane Maria Vianney 4 Agosti, Yohane Bosco 31 Januari, Yohane Paulo II 22 Oktoba. Jina kamili litafuteni kwenye kumbukumbu za kutabarukiwa, yaani kuwekwa wakfu, kwa kanisa. Kanisa likishatabarukiwa jina lake halibadilishwi, ndivyo inavyosema kanuni ya 1218 ya Sheria za Kanisa, kwa hiyo karatasi hiyo ina uzito kuliko mazoea ya miaka ishirini.

Hata kalenda zenyewe zinaweza kupishana. Ndugu zetu Waanglikana wana Kanisa la Mtakatifu Albano mjini. Kitabu chao cha Sala cha 1662 kinamweka Albano tarehe 17 Juni, ilhali kalenda zao za sasa zinamweka 22 Juni. Inaaminika kuwa mtu alisoma namba ya Kirumi XXII akaiona XVII, na kosa hilo likachapwa na kuendelea kuchapwa.

Sasa cheo. Kutoka juu kwenda chini kuna Sherehe, kuna Sikukuu, kuna Kumbukumbu, na Kumbukumbu yenyewe ni ya lazima au ya hiari. Mtakatifu ambaye kwingine ni Kumbukumbu tu, ndani ya kanisa lenye jina lake anapanda na kuwa Sherehe: Utukufu unaimbwa, Nasadiki inasaliwa, masomo ya Biblia ni matatu, na siku inaanza jioni ya kuamkia kwa sala ya Masifu ya Jioni ya kwanza. Lakini Sherehe hiyo haishindi kila kitu. Dominika za Majilio (kipindi cha kujiandaa kwa Noeli), Kwaresima na Pasaka ziko juu yake, Jumatano ya Majivu, Juma Kuu na Oktava ya Pasaka, yaani siku nane zinazoanza na Pasaka yenyewe, vilevile. Dominika za kipindi cha kawaida ndizo zilizo chini yake. Shika tofauti hiyo moja, maana maswali mengi yanajibika hapo.

Chukua Mtakatifu Yosefu, somo wa kanisa kuu letu pale Sokoine Drive, lile linalotazama bandari, lililojengwa na Wajerumani kati ya 1897 na 1902. Siku yake ni 19 Machi, ambayo karibu kila mara huwa ndani ya Kwaresima. Makanisa yenye jina lake hutamani kuisogeza hadi Dominika ili watu wote wafike. Haiwezekani, kwa kuwa Dominika ya Kwaresima ni kubwa kuliko yeye. Tena 19 Machi ikiangukia Dominika, yeye ndiye anayehama kwenda Jumatatu, kama ilivyokuwa 2023 na itakavyokuwa 2028. Ikiangukia Dominika ya Matawi au Juma Kuu, anarudishwa nyuma hadi Jumamosi kabla ya Matawi. Mwaka 2008 aliadhimishwa 15 Machi. Wengine hukimbilia 1 Mei kwa sababu ni sikukuu ya taifa na watu hawaendi kazini. Siku hiyo ni ya Yosefu Mfanyakazi, iliyowekwa na Papa Pius XII mwaka 1955. Kama kanisa limetabarukiwa kwa jina hilo, sawa kabisa, ndiyo siku yenu. Kama ni Yosefu Mume wa Maria, yenu ni 19 Machi hata ikiwa siku ya kazi, na dawa yake ni Misa ya jioni saa kumi na mbili, watu wakitoka makazini.

Mwaka 2027 unahitaji macho zaidi, kwa sababu 19 Machi ni Ijumaa na Matawi ni 21 Machi. Kwa kuwa ni Sherehe, siku hiyo hakuna wajibu wa kujinyima nyama, na pilau ya nyama baada ya Misa haina kosa lolote. Parokia zinazofunika sanamu kwa kitambaa cha zambarau kuanzia Dominika ya tano ya Kwaresima zitakuwa zimefunika tangu 14 Machi. Ushauri wangu ni kwamba sanamu ya Yosefu iachwe wazi hadi Misa yake ipite. Inasikitisha kuona somo wa kanisa amefunikwa siku yake mwenyewe.

Na kwaya, tafadhali. Kosa ninaloliona kuwa la kawaida kuliko yote siku ya Yosefu ni Aleluya. Kanzu ni nyeupe, maua yapo altareni, kinanda kinapigwa, Utukufu umeimbwa, basi mwalimu wa kwaya anaona Kwaresima imewekwa pembeni, na Injili inapokaribia ngoma zinalipuka kwa Aleluya. Haiimbwi. Kwaresima yote, kabla ya Injili huimbwa shangilio lisilo na neno hilo, hata siku ya Sherehe. Andaeni shangilio hilo wiki mbili kabla, lifanyiwe mazoezi kama wimbo wa kuingilia, la sivyo sauti zitarudi zilikozoea.

Maria Imakulata, yaani Mkingiwa Dhambi ya Asili, 8 Desemba, yuko ndani ya Majilio. Ikiangukia Dominika huhamia Jumatatu ya 9 Desemba, na kwa Tanzania hiyo ni Siku ya Uhuru, kwa hiyo watu wanapatikana. Ilitokea 2024, itatokea tena 2030. Katika Majilio Aleluya inaimbwa. Petro na Paulo, 29 Juni, wana nafuu: ni kipindi cha kawaida, kanzu nyekundu, mvua imekwisha. Mwaka 2026 ni Jumatatu, na kanisa lenye jina la Petro linaweza kuadhimisha Dominika ya 28. Kristo Mfalme siku zote ni Dominika ya mwisho ya mwaka wa Kanisa, kati ya 20 na 26 Novemba, haihitaji kupigiwa hesabu.

Jumuiya ndogo ndogo nazo zina masomo wao, na hapa pana mkanganyiko unaoumiza watu bure. Jumuiya si kanisa. Somo wake habadiliki kuwa Sherehe. Jumuiya ya Mtakatifu Bakhita inaweza kuomba Misa yake tarehe 8 Februari ikiwa siku ya wiki iliyo wazi, lakini isidai Misa hiyo Dominika. Watajwe kwenye maombi ya waamini, watoe matoleo pamoja, wakutane baadaye nyumbani kwa mmoja wao. Mnapochagua somo mpya, chagueni mtakatifu aliyekwisha kutangazwa. Mwalimu Nyerere tunampenda, lakini bado ni Mtumishi wa Mungu, na aliye katika hatua hiyo haheshimiwi hadharani kama mtakatifu.

Novena inahesabika kwa vidole, na bado inakosewa. Ni siku tisa zinazomalizika mkesha wa sherehe, si siku yenyewe. Ya Yosefu huanza 10 Machi na kuisha 18. Ya Petro ni 20 hadi 28 Juni. Ya Imakulata ni 29 Novemba hadi 7 Desemba. Siku ikihamishwa, sogezeni na novena kwa idadi ileile: 2028 Yosefu akiwa 20 Machi, anzeni tarehe 11.

Kwa maandamano ya Machi, kumbukeni kwamba masika yako mlangoni. Toeni taarifa polisi mapema, pangeni njia fupi inayozunguka kanisa, na muwe na turubai jepesi la kumfunika Yosefu njiani. Wabebaji wawe makundi mawili ya urefu unaolingana. Mmoja akiwa mfupi, sanamu inaegemea upande wake na uzito wote unamwangukia yeye.