Nengonengo: maua ya zambarau, mzizi unaonukia dawa ya kuchua

Nengonengo ni mti mdogo wa miombo na vichaka vya Usukuma. Wataalamu wa mimea wanauita Securidaca longepedunculata. Mara nyingi hauzidi mita sita, na kwa sehemu kubwa ya mwaka hakuna anayeugeukia: gome la kijivu, majani membamba, matawi yaliyolegea. Kiangazi kikifika ukingoni, mvua za vuli zikiwa bado zinanyemelea, ndipo unajaa maua madogo ya zambarau inayoelekea waridi, yenye harufu tamu inayokufikia kabla hujauona mti wenyewe. Ukivuka Busisi ukaelekea Sengerema na Geita, mahali ambako pori halijaishia kwenye mkaa na mashamba ya pamba, huo ndio msimu wa kuutafuta. Maua yakipita hufuata kokwa yenye bawa moja refu, jepesi kama karatasi, linaloizungusha hewani inapoanguka. Kwa bawa hilo huwezi kuukosea.

Wakazi wengi wa Mwanza mjini hawajawahi kuliona ua hilo. Wanachokijua ni mzizi. Kwa wauza dawa za asili sokoni utaukuta umekatwa vipande vya urefu wa kidole, au umeshasagwa na kufungwa kwenye vikaratasi. Chukua kipande, kwangua gome lake kwa ukucha, kisha nusa. Utapata harufu ileile ya dawa ya kuchua wanayopakwa wachezaji wa mpira wakiteguka. Si kufanana tu. Ndani ya gome la mzizi kuna kemikali iitwayo methili salisileti, na hiyohiyo ndiyo inayotiwa kwenye dawa nyingi za kuchua zinazouzwa madukani. Ni ya ukoo mmoja na aspirini.

Ukishalijua hilo, matumizi mengi ya wazee yanaeleweka. Mzizi uliopondwa hupakwa kwenye viungo vinavyouma, na hutumiwa kwa maumivu ya mgongo na misuli. Maji yake yaliyochemshwa husukutuliwa kwa jino linalouma. Unga wake hunuswa kwa kichwa na mafua, na hapo mgonjwa hupiga chafya mfululizo, kwa kuwa mzizi una pia saponini, vitu vinavyotoa povu kama sabuni na kuwasha pua. Kuna wanaoutumia kwa kikohozi, kwa tumbo lililofunga, na kwa magonjwa mengine mengi ambayo sitayataja yote, maana orodha ya mganga haina mwisho. Sehemu nyingi za Afrika watu huamini pia kwamba mzizi huu hufukuza nyoka, hivyo huwekwa ndani ya nyumba. Usukumani habari za nyoka na dawa zake zilikuwa hasa kazi ya Bayeye, chama cha wacheza nyoka, na siri zao hawakuzigawa hovyo.

Tena dawa ya Kisukuma haiishii kwenye mti. Nfumu, yaani mganga wa jadi, huongeza shingila, kitu kidogo cha kuipa dawa nguvu na mwelekeo, na kwake yeye mzizi bila shingila ni nusu ya dawa. Maabara inaweza kupima salisileti. Hilo la pili si kazi yake.

Nje ya uganga, mti huu una manufaa ambayo mimi nayaona makubwa kuliko yote. Kaskazini mwa Ghana wakulima huchanganya unga wa mzizi na nafaka ghalani, na majaribio ya watafiti yameonyesha kwamba methili salisileti kweli hufukuza fukusi wa mahindi. Gome la shina nalo hutoa nyuzi imara. Kule bonde la Zambezi, David Livingstone aliziona zikitumiwa na wenyeji katika karne ya 19.

Sasa upande mgumu. Nengonengo ni sumu. Baadhi ya sehemu za Afrika mzizi wake umetiwa kwenye mishale. Methili salisileti safi ina nguvu ya kutisha: kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, kina salisileti sawa na vidonge zaidi ya 20 vya aspirini, na kwa mtoto mdogo hicho kinatosha kuua. Mzizi hauna kiasi kama hicho kwa kila kijiko, lakini hakuna anayejua hasa una kiasi gani. Unatofautiana mti na mti, udongo na udongo, mbichi na mkavu. Ndiyo maana kupaka na kunywa siviweki kundi moja hata kidogo. Muuzaji anayekuambia "kunywa kikombe asubuhi na jioni" bila kukuuliza umri, ujauzito, vidonda vya tumbo au dawa nyingine unazomeza, mrudishie karatasi yake. Mjamzito asiuguse kabisa, na mtoto asipewe.

Kuna pia suala la mti wenyewe kubaki. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa kilimo mseto waliwauliza wenyeji wa Shinyanga ni miti gani ya dawa ingefaa kupandwa nyumbani, na nengonengo ulikuwa miongoni mwa iliyopewa kipaumbele. Sababu ni rahisi: kinachotakiwa ni mzizi, na anayechimba kwa pupa huondoka na mti mzima. Mchimbaji mwenye adabu huchimba upande mmoja, hukata mizizi michache na kufukia shimo. Ngitili, yale malisho yanayofungwa ili majani yapumzike, zilizofufuliwa na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza 1986, nazo zimeipa miti ya dawa nafasi ya kuchipua tena.

Na kama mtu ameshakunywa, dalili za kuangalia ni kutapika, kuhara, masikio kuvuma, kuhema haraka na kuchanganyikiwa. Usimpe maziwa wala dawa nyingine ya mitishamba. Mpeleke hospitali mara moja, na beba kipande cha mzizi kilichobaki ili daktari ajue anashughulika na nini.