Wasitoo na monasteri zao za mbali: yanayosemwa na yaliyokuwa

Dhana: Papa ndiye aliyeziendesha monasteri zote kutoka Roma.

Papa aliidhinisha katiba ya Wasitoo, shirika la watawa Wakatoliki, mwaka 1119, basi. Usimamizi wenyewe ulifuata ukoo: nyumba iliyozaa nyumba nyingine iliwajibika kwayo, na abate wake, yaani mkuu wa monasteri, alitakiwa kwenda kuikagua kila mwaka. Hata Cîteaux, chimbuko la shirika zima huko Burgundy, Ufaransa, ilikaguliwa na binti zake wanne, yaani nyumba ilizozizaa: La Ferté, Pontigny, Clairvaux na Morimond.

Dhana: abate wa Cîteaux alikuwa mfalme wao.

Alikuwa mwenyekiti mwenye heshima kubwa. Neno la mwisho lilikuwa la mkutano mkuu, ambapo maabate walikusanyika Cîteaux kila Septemba, wakatunga sheria, wakawaadhibu wakorofi. Wa Uskoti walipunguziwa safari: walitakiwa kufika mara moja tu kila miaka 4.

Dhana: amri ikitoka, wamonaki walitii.

Waulize wa Ireland. Wakaguzi walipofika Mellifont, monasteri ya huko iliyozaa nyumba nyingine, mwaka 1216, walifungiwa lango. Mkutano mkuu ukavuta subira, kisha mwaka 1228 ukamtuma Stephen wa Lexington, abate wa Stanley kule Uingereza. Huyu hakuja na barua tu. Aliinyang'anya Mellifont binti zake akawaweka chini ya nyumba za ng'ambo, na akakataza kumpokea mtu yeyote asiyeweza kuungama kwa Kifaransa au Kilatini. Kwa kijana wa Kiayalandi asiyesoma, maana yake ni kwamba mlango umefungwa. Ugomvi ulihusu nidhamu, ndiyo, lakini mimi nauona pia kama ugomvi wa wageni na wenyeji, na mkutano mkuu wenyewe ulikuja kuirudishia Mellifont binti zake mwaka 1274.

Dhana: umbali ndio uliovunja utawala huo.

Njia zilikuwa ndefu tangu mwanzo na mfumo ulifanya kazi. Kilichoudhoofisha ni siasa. Mwaka 1307 Uingereza ilipiga marufuku nyumba za watawa kupeleka michango kwa wakuu wao wa nje. Kisha ikaja vita na Ufaransa, halafu mwaka 1378 Kanisa likapata mapapa wawili: Waingereza wakamfuata wa Roma, Cîteaux ikawa upande wa yule wa Avignon, Ufaransa. Abate wa Yorkshire, Uingereza, angekwendaje kuketi na watu ambao mfalme wake aliwaita waasi wa Kanisa?

Suluhisho likawa makamishna: maabate wa Kiingereza waliopewa mamlaka ya kukagua wenzao kwa niaba ya Cîteaux. Marmaduke Huby, abate wa Fountains kuanzia 1495, alikuwa mmoja wao. Alikagua, alikusanya michango, akaandikiana na Cîteaux.

Na Papa tuliyeanza naye? Mwaka 1425 Martin V alimruhusu Martín de Vargas kuanzisha urekebisho huko Kastilia, Hispania. Kundi lake likakua, likajitawala, na Cîteaux ikapoteza nguvu juu ya monasteri za huko. Kwingineko, hasa Ufaransa na Italia, mapapa waligawa vyeo vya abate kwa makardinali na watu wa familia kubwa, waliochukua mapato bila kulala hata usiku mmoja bwenini. Mkaguzi alipofika, hakumkuta abate wa kumhoji.