Kwa nini sitosheki na namba ya zebaki

Angong Niuhuang Wan ni kidonge cha asali ambacho tiba asilia ya Kichina hukitumia kwa kiharusi na homa kali inayompotezea mtu fahamu. Katika kila gramu 1,000 za unga wake, gramu 100 ni sinaba, yaani zebaki iliyoungana na salfa, na nyingine 100 ni realga, arseniki iliyoungana na salfa. Sasa fungua kitabu rasmi cha viwango vya dawa cha China, toleo la 2020: mzizi wa jinsengi hauruhusiwi kuzidi miligramu 0.2 za zebaki kwa kilo. Unga wa kidonge hiki, kilichomo katika kitabu hichohicho, unazidi kiwango hicho zaidi ya mara laki nne.

Je, kidonge hiki ni sumu kiasi hicho? Mashine za kupimia metali haziwezi kutujibu. Sampuli huyeyushwa kwa tindikali kali mpaka kila kitu kiachane, kisha atomi zinahesabiwa. Tumbo la binadamu halina tindikali ya namna hiyo. Sinaba karibu haiyeyuki kwenye maji, na sehemu yake kubwa hutoka na choo. Methili-zebaki, ile inayojikusanya katika samaki, hupenya karibu yote hadi kwenye damu. Mashine huita zote mbili zebaki.

Ndiyo maana, katika maabara yangu, naziuliza seli. Kwanza naloweka dawa katika majimaji yanayoiga ya tumboni, yenye tindikali na pepsini, kimeng'enya cha tumbo kinachovunja protini, kwa nyuzi 37, kisha yale ya utumbo. Nachuja. Kilichoyeyuka ndicho ninachozipa seli za binadamu zinazokuzwa maabara: za ini, ziitwazo HepG2, na za mirija ya figo, ziitwazo HK-2. Figo siziachi kamwe, kwa sababu zebaki isiyo ya methili hujilimbikiza huko.

Baada ya saa 24 au 48 wengi hutumia MTT, rangi ya njano ambayo seli hai huigeuza kuwa zambarau. Hapa tahadhari! Mimea mingi ina kemikali kama tanini na flavonoidi zinazoweza kuigeuza rangi hiyo zenyewe, bila seli hata moja. Niliwahi kupata zambarau nzito nikaamini seli zinastawi. Nilipochungulia kwa hadubini, zilikuwa zimejikunja na kubanduka. Tangu siku hiyo kila sahani yangu ina vishimo vya dawa bila seli, na seli huoshwa kabla ya kutiwa rangi.

Kifo cha seli nacho ni ishara ya kuchelewa. Ninachokitafuta mapema ni metalothionini, protini ambayo seli huizalisha kwa wingi ili kuzinasa metali kama zebaki na kadimi. Ikipanda wakati seli bado zinaonekana nzima, najua metali imeshaingia ndani.

Hata hivyo, anayeandika "salama" kwa jaribio la siku mbili anakosea vibaya. Figo za anayemeza dawa kwa miezi haziishi ndani ya sahani yangu.

Pia napima dawa kama inavyotumika, pamoja na makosa ya matumizi. Wazee wa tiba hiyo wanakataza realga isiguse moto, na wako sahihi: ikichomwa penye hewa hugeuka arseniki trioksidi, ambayo huyeyuka kwenye maji. Arseniki ni ileile, ila seli za figo zinakufa.